Bei za Mama wa Mashini

Mama wa Mashini hakutaja bei kabla ya kutazama miguu ya mtu. Ukiingia dukani mwake pale Mpofi, kijiji cha barabara ya Goma na Walikale, na kandambili zilizofungwa kwa waya, nyongeza ya mchezo wa kompyuta ilikuwa bei ya kuku. Ukiingia na mabuti ya plastiki yenye udongo wa machimbo, ilikuwa bei ya mbuzi. Ukiingia na mabuti ya jeshi, ilikuwa mbuzi mwenye mimba. Mtu akilalamika kwamba jana jirani yake alinunua kitu kilekile kwa nusu, alimjibu bila kuinua macho:

"Jirani yako alikuya na miguu yake. Weye umekuya na yako."

Nilishona nguo kwenye baraza la duka hilo kwa miaka minne ya vita, mgongo wangu ukiegemea ukuta wake wa mbao, kwa hiyo nilizisikia bei zake zote. Kwetu ordinatere, yaani kompyuta, tunaiita mashini. Yeye alikuwa nazo mbili, na paneli za jua juu ya bati. Mimi pia nilikuwa na mashini, ya kushona, lakini hakuna aliyethubutu kuniita kwa jina hilo. Jina lilikuwa lake.

Walimu, wauguzi, wachimbaji na basoda, yaani askari, walikuja kwake kucheza kwa saa, au kunakiliwa mchezo kwenye flashi ili wakacheze kwao. Uliopendwa kuliko yote ulikuwa mchezo wa falme. Unaanza na kijiji cha nyumba tano na shamba. Unalima, unachimba madini, unajenga ukuta, unanunua askari, halafu unaanza kutazama jirani yako ana nini. Mchezo wenyewe aliuuza kwa bei ya sahani ya maharagi. Biashara ilikuwa kwenye nyongeza, zile sehemu mpya ambazo watengenezaji huziuza baadaye, moja baada ya nyingine. Wateja waliziita ekstansio, kwa Kifaransa. Moja ilileta meli na mizinga. Nyingine ilileta wafalme wa nchi za baridi. Nyingine ilileta masoko na kodi.

"Muchezo njo mulango," alikuwa akiwaambia; njo kwetu ni ndiyo. "Ekstansio njo nyumba. Mulango nitakupatia karibu bure. Lakini utalala mulangoni?"

Muuguzi mmoja wa kituo cha afya alisema siku moja, "Hapa kwetu ekstansio inakuya bila kulipa. Kila musimu wafalme wapya, na bunduki zao." Duka zima lilicheka. Mama wa Mashini hakucheka. Alimtazama muuguzi yule mpaka kicheko kikaisha, kisha akamwambia muda wake umebaki dakika tano.

Alitoka upande wa Butembo, kama wafanyabiashara wengi wa barabara ile. Alikuwa mfupi, mwembamba, na kitambaa cha kichwa amekifunga kwa nguvu kama mtu anayeumwa kichwa. Alitembea haraka lakini alinunua taratibu. Sijaona mtu mwingine aliyejua kungoja kama yeye. Mtoto wa dada yake alikuwa Kampala, mahali penye intaneti nzuri, na huyo ndiye aliyemnunulia michezo. Kila Alhamisi Mama wa Mashini alipanda kilima nyuma ya parokia kutafuta mtandao wa simu. Mara moja nilimsindikiza. Alisimama juu ya jiwe, mkono mmoja kiunoni, akapaza sauti kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Imeanguka?"

"Bado, mama mudogo. Iko ileile."

"Basi tutangojea."

"Lakini mama mudogo, bantu bote banainunua sasa. Iko mupya!"

"Banunue. Mwenye haraka analisha mwenye subira."

Akanieleza tulipokuwa tunashuka. Michezo hiyo haina ghala, haiozi, haijazi gari. Kinachopanda na kushuka ni hamu ya watu tu. Siku inapotoka, bei ni ya wenye hamu. Baadaye kuna majuma, karibu na Noeli na wakati wa likizo kubwa, ambapo watengenezaji wenyewe wanaikata bei mpaka robo. Hapo ndipo alipomwambia kijana anunue. Wafalme wa nchi za baridi walifika Mpofi mwaka mzima baada ya kufika kwa wengine, na hakuna aliyejua kwamba wamechelewa.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na matundu. Wiki za mitihani aliwafukuza wanafunzi kwa ufagio. Walimu ambao serikali ilikuwa imewasahau waliambiwa bei ya kuku, na kuku mwenyewe hakudaiwa. Alijua kuufungua, kuurekebisha na kuufufua kila mchezo, lakini hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Nilimuuliza sababu.

"Niko najua bei yake," alisema. "Inatosha."

Na alisali. Misa ya asubuhi hakuikosa hata siku ambazo risasi zilisikika upande wa daraja. Mimi ni Mprotestanti wa milimani, lakini Noeli moja nilienda naye kanisani kwake. Watu waliposali Baba Yetu, sauti yake ilikuwa juu kuliko ya wote kwenye benchi letu, mpaka walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Alingoja maneno yale yapite kama mtu anayengoja pikipiki ipite, kisha akaendelea. Padiri alikuwa ameshasikia habari hiyo. Alimsimamisha mlangoni.

"Mama, Bwana anatuomba tusamehe."

"Padiri, kusamehe njo kupunguza bei. Nimpunguzie namna gani muntu mwenye hata hajauliza iko ngapi?"

Padiri akampisha. Mimi nilikuwa na jibu langu lakini nililificha, kwa sababu lilikuwa baya kuliko la Mama wa Mashini. Mimi nilifika Mpofi nikitokea milima ya Kirolirwe. Nyumba yetu ilichomwa, na kaka yangu mkubwa aliuawa mlangoni pa zizi akiwa ameshika kamba ya ndama. Nilikimbia na kichwa cha mashini yangu ya kushona mgongoni, kimefungwa kwa kikwembe kama mtoto. Sikutaka kumpunguzia mtu yeyote kitu chochote.

Aliyenipa mahali pa kukaa hakuwa yeye. Alikuwa mume wake, mwanamume mrefu, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi. Alinikuta nimesimama kwenye mvua, nimelowa, sijui niende wapi. "Dada, kaa hapa kwa baraza," alisema. "Kivuli haina bei." Kutoka ndani sauti ya mke wake ikajibu, "Kila kitu iko na bei!" Naye akacheka, akanisogezea kibao cha kukalia. Miezi miwili baadaye akauawa.

Yeye ndiye aliyependa ule mchezo. Michezo yote dukani ilikuwa kopi, kama kila mahali kwetu, na hakuna aliyeona aibu. Lakini mume alitamani siku moja awe na mchezo wa kweli, ulionunuliwa kwa wenyewe, na mashini mpya ya kuubeba, ile nyembamba ya kukunja. Toleo jipya la mchezo wa falme lilipotoka, akamwambia yule kijana wa Kampala amnunulie siku ileile ya kwanza, kwa bei nzima, sanduku lake na karatasi yake, amtumie Goma. Mke alipojua, niliwasikia. Baraza lote liliwasikia.

"Miezi tatu tu! Ungengojea miezi tatu, ungeipata kwa robo!"

"Mara moja tu katika maisha yangu," alisema mume, "nataka kununua kitu siku yenye nakitaka."

"Njo vile wajinga banafilisika."

Akatoka, akapanda lori la kwenda Goma kuchukua mchezo wake na kununua mashini, bila kuaga. Alikaa huko juma zima akingoja gari la kurudi. Lori alilorudi nalo lilisimamishwa msituni, mbele kidogo ya Kibua. Dereva aliyeponea vichakani ndiye aliyetuletea habari. Watu wenye silaha waliwaamuru wote walale chini. Mume alilala, lakini sakoshi, ule mkoba wa mashini, alikuwa ameikumbatia, na alipoambiwa aiachie alichelewa. Mkubwa wao mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Watu wa Kibua walimzika kwa heshima. Jina la muuaji hakuna aliyelijua. Vikundi vilikuwa vingi, na msitu ulikuwa wao.

Mama wa Mashini alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, halafu akazivua siku moja akafungua duka saa ileile ya siku zote. Hakuzungumza habari za mume. Sikumwuliza. Kila mmoja alijua mwenzake amebeba nini, kama wabebaji wawili wanaopishana njiani.

Mwaka wa tatu kukawa na amani ya makaratasi. Watu wa msituni waligawiwa sare za serikali na vyeo, wakatumwa kulinda barabara ambazo walikuwa wakizifunga. Kwetu akaja Kapiteni. Nitamwita hivyo, maana cheo hicho ndicho alichopewa. Hakuwa mtu wa kelele. Alisalimia wazee, alilipa nauli ya pikipiki, alimwita kila mwanamke Mama. Alasiri moja alipanda barazani, akanisalimia, akaingia dukani na mashini nyeusi ya kukunja kwapani.

"Mama, ekstansio ya meli iko?"

"Iko. Fungua mashini tuone kama itakubali."

Nilikuwa napinda upindo wa shati la shule. Kwa kawaida bei yake ilitoka kabla ya mteja kuvuta pumzi mara mbili. Siku ile nilimaliza upindo mzima, nikageuza shati, na bado sikusikia kitu. Kisha nikasikia sauti yake, laini, sauti ambayo nilikuwa siijui.

"Afande, uko na falme mbili humu. Huu wa zamani, wenye muji mukubwa, njo weye uliujenga?"

"Hapana," Kapiteni alicheka. "Huo niliukuta. Mwenye mashini alikuwa anajua kujenga! Kuta, mashamba, kila kitu. Nikauza ule muji kwa maadui, nikapata zahabu ya kununua basoda bangu ba kwanza."

"Na mashini uliitoa wapi?"

"Nilinunua Goma."

Nilisikia akichomeka flashi. Halafu akataja bei, na kwa mara ya kwanza hakutazama miguu. Ilikuwa bei ya ng'ombe. Kapiteni alicheka sana, akalipa.

Kilichokuwa kwenye kioo cha ile mashini nilikijua miezi mingi baadaye. Mji ule mkubwa ulikuwa na jina. Lilikuwa jina ambalo mume wake alikuwa akimwitia wakiwa peke yao, neno la Kinande la kumbembeleza ambalo hata dada zake hawakulijua. Juma lile la Goma, baada ya ugomvi wao, akingoja gari, alikuwa amejenga mji na kuupa jina la mke wake. Mke akauona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama nyuma ya bega la mtu aliyeuuza.

Hakumwambia mtu. Kapiteni akawa mteja wa kila alasiri. Mama wa Mashini alimwekea kiti chenye mto. Alimpikia chai ya maziwa, na Jumapili bugari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake. Alimwuzia ekstansio ya pili kwa bei ya ng'ombe wawili, ya tatu kwa zaidi, na yeye alilipa, kwa sababu mchezo ulikuwa umemshika kooni. Alikuwa akipiga kelele za furaha kama mtoto meli zake zikishinda. Alituletea asali ya msituni. Watu wakaanza kusema. Sokoni walisema mjane wa Butembo amepata mwanaume wa mabuti, na mfupa wa mume haujakauka. Mimi pia niliamini, na nilimchukia. Niliona kibao changu kile cha barazani kimenajisika, maana marehemu ndiye aliyenipa.

"Mama," nilimwambia siku moja, sikuweza kuvumilia tena, "bantu banasema."

"Baseme."

"Banasema unamupikia muntu wa bunduki."

Alikuwa anasugua sufuria. Hakusimama. "Weye unakumbuka kile kilima? Unakumbuka nilikuwa nauliza nini?"

"Kama bei imeanguka."

"Bado haijaanguka," alisema, akamwaga maji machafu.

Mwisho wa kiangazi ekstansio ya mwisho ikafika, ile ambayo Kapiteni aliingojea kama mtu anavyongoja mshahara. Alikuja ameoga. Mama wa Mashini akahangaika na mashini kwa muda, akatikisa kichwa.

"Imekataa, Afande. Muchezo wako haiko kopi. Mwenye aliununua alilipa bei nzima. Iko na karatasi yake, yenye namba. Zile za kwanza zilikubali, lakini hii mupya iko mukali, inauliza namba."

Huo ulikuwa uongo. Angeweza kuufungua mchezo ule akiwa amefumba macho. Lakini aliongea kama daktari, na Kapiteni akamsikiliza kama mgonjwa.

"Karatasi ya namna gani?"

"Inakuwa mu sanduku, pamoja na sakoshi ya mashini. Labda huyo wa Goma alikupatia?"

Alifikiri. Niliona uso wake kupitia mlango. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anajaribu tu kukumbuka ameweka wapi. "Sakoshi iko," akasema. "Iko kwa bibi yangu, Kibua. Anawekamo nguo za mutoto."

Siku mbili baadaye akapanda barazani na sakoshi begani. Mkanda wake ulikuwa umekatika. Akatoa sanduku la mchezo na karatasi yake, akanitupia sakoshi mezani. "Dada, nishonee mukanda," akaingia ndani.

Ili kushona mkanda vizuri ilinibidi nifumue kitambaa cha ndani. Kidole changu kiligusa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeteleza ndani ya tundu la mfuko. Nikaifungua. Ilikuwa risiti ya duka la Goma. Juu yake kulikuwa na namba ya mashini, na chini yake jina la mwanamume aliyeniambia kwamba kivuli hakina bei.

Nikainua macho. Kapiteni alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa, anapuliza chai yake. Bunduki yake imeegemea ukuta uleule nilioegemea mimi. Nikaikunja risiti ndani ya kipande cha kitenge, nikaingia, nikasema, "Mama, angalia kama rangi hii ya kitambaa inafaa." Akafunua. Akasoma. Nilimtazama kinywa, nikidhani atapiga yowe, na sijui ningefanya nini.

"Inafaa," alisema. "Shona nguvu, dada. Asipoteze tena." Kisha akamgeukia. "Afande, ekstansio ya leo, bure."

Kapiteni alipiga makofi.

Alipoondoka, Mama wa Mashini alikuja kukaa karibu nami, jua bado likiwaka barabarani, akanieleza yote: mji, jina, ugomvi. Alieleza bila machozi, kama anayesoma orodha ya vitu. Nikaweka mkasi chini. Nikamwona kaka yangu na kamba ya ndama mkononi.

"Tumuwekee sumu," nilisema. "Kesho, mu chai. Mimi nitaileta."

Sisemi hivi kwa kujisifu, na sisemi kwa kutubu. Nilikuwa najua mizizi gani, na nani anaiuza.

"Hapana. Sumu iko haraka. Atalala, atakufa, na bantu batasema malaria. Mimi nataka aulizwe mbele ya bantu. Na nataka ajibu."

Alipanda pikipiki kwenda Walikale kwa mwendesha mashitaka wa jeshi. Mara ya kwanza walimwambia arudi. Mara ya pili walimwambia anatukana jeshi. Mara ya tatu alikuta mwendesha mashitaka amebadilishwa, kuna mwingine mgeni, kijana, mwenye miwani, ambaye alisoma risiti mara mbili na kumwomba akae. Safari zote tatu alirudi kabla ya alasiri, akachemsha chai, akampokea mteja wake.

Walikuja siku ya Ijumaa, saa tisa, basoda sita na yule wa miwani. Kapiteni alikuwa katikati ya vita vya meli. Walimnyang'anya bunduki kabla hajageuka. Yule wa miwani aliinua mashini, akasoma namba chini yake, akaisoma kwenye risiti, moja moja, kwa sauti. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kapiteni alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la mtu anayedhani ni makosa ya ofisi.

"Afande," akasema Mama wa Mashini. Alikuwa amesimama mbele yake, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya sare. "Ule muji wenye uliuza. Ulikuwa unaitwa namna gani?"

Alilitaja jina, akilikosea kidogo.

"Njo miye," alisema.

Nilimwona Kapiteni akilitafuta jibu usoni mwake, halafu dukani, halafu kwangu na kwa sakoshi iliyoning'inia kwenye kiti chake. Nilipenda kuuona uso ule. Nimeutunza mpaka leo, na siku zangu mbaya huwa nautoa na kuutazama.

Mahakama ilikuja kukaa kwenye darasa la shule. Dereva alisema yake, nami nikasema yangu, nikiwa nimesimama kwenye ubao. Kapiteni aliulizwa kama anakumbuka lori lile. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri kuhusu sakoshi.

"Gari zilikuwa mingi," alijibu.

Darasa lote lilinung'unika. Mama wa Mashini akakaza kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa amepata jibu lake, na nadhani lilimwumiza kuliko uongo. Wakamhukumu kifungo kirefu, wakampeleka Goma. Nje ya darasa mke wake wa Kibua alikuwa amekaa chini na mtoto, hana nauli ya kurudi. Mama wa Mashini alimpa chumvi, sabuni mbili na nauli, wala hakumtazama usoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Huyo hakununua kitu kwangu." Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema.

Haikutupoza. Ningependa kusema ilitupoza. Juma la pili watu tusiowajua waliichoma meza yangu na mashini yangu ya kushona, nikakimbia tena, safari hii mikono mitupu, nikaiacha Mpofi. Yeye alizipa shule mashini zake mbili, akafunga duka, akarudi kwao. Hatukuagana vizuri.

Ilipita miaka. Niliolewa Goma, nikapata watoto wawili, nikapata mashini nyingine. Mwaka jana nilienda Butembo kununua vitenge vya jumla, nikaingia kwenye ghala moja la saruji kuomba maji ya kunywa. Alikuwa pale, juu ya mifuko, anahesabisha vijana. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alinishika mikono yote miwili, akaniketisha, akaniletea maji na ndizi, akaniuliza majina ya watoto, akayarudia mpaka akayashika.

Halafu akaniambia, kwa sauti ileile aliyosomea risiti, kwamba siku wafungwa wa Goma walipovunja milango ya gereza, Kapiteni alitoka na wengine. Faili lake liliungua pamoja na ofisi. Yuko Walikale, kwenye machimbo, ana watu na sare mpya. Yule mwendesha mashitaka wa miwani amepanda cheo, amesema kesi inaweza kuanza upya kama mashahidi watakuja kusema upya, kwa midomo yao wenyewe. Dereva amekufa.

"Nimebaki na weye tu," alisema. "Sitakudanganya, dada. Mara hii iko hatari kuliko ile ya kwanza. Uko na batoto. Ukikataa, nitakupatia maji mengine na tutaongea habari zingine."

Nje mpakuaji mmoja alikuwa akiimba, akipiga mfuko ili vumbi litoke. Nilifikiria wanangu wawili. Nilifikiria mume wangu, ambaye ni mtu mpole na ambaye sikuwahi kumweleza hata nusu ya mambo haya. Niliyafikiria yote hayo, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililonifanya niinuke niondoke.

"Gari inatoka saa ngapi?" nilimuuliza.